Mtoto wa mbwa anatoka nje, kisha anarudi kukojoa ndani: nifanyeje, na nimpe vitafunwa gani?

Mpangaji wa Kimara

Habari za jioni, ndugu zangu. Nimesoma mijadala ya wafugaji kwa muda mrefu bila kuchangia, lakini leo naomba msaada, maana jambo hili limenishinda na limeanza kuleta maneno nyumbani.

Wiki 3 zilizopita tulimchukua mtoto wa mbwa jike kutoka kwa mfugaji wa Kibaha. Sasa ana wiki 11, na watoto wamempa jina la Popi. Alikozaliwa alilelewa pamoja na ndugu zake katika banda la saruji lililotandikwa magunia, na mama yao alilala humo humo. Sisi tunaishi Kimara, katika nyumba ya kupanga yenye ua mmoja unaotumiwa na familia tatu. Sakafu yetu ni ya vigae, isipokuwa sebuleni ambako tumetandika mkeka.

Shida yenyewe ni hii. Asubuhi namtoa nje saa 12:30, nakaa naye uani hata dakika 20, naye anafukuza majani, ananusa ndoo za majirani, anawakimbilia kuku, wala hana habari na haja. Nikimrudisha ndani, hazipiti dakika mbili amekwenda moja kwa moja kwenye mkeka, amechuchumaa na kukojoa. Tangu masika yaanze hali imekuwa mbaya zaidi, kwa sababu akifika kizingitini anaweka mguu mmoja kwenye saruji yenye maji, anauondoa, kisha anarudi chini ya meza. Dada anayetusaidia kazi za nyumbani alikuwa akimkamata na kumsugua pua kwenye mkojo, na mara mbili alimpiga kwa kandambili, kwa kuwa ndivyo alivyoona mbwa wakifunzwa kwao. Sasa Popi haendi tena kwenye mkeka tukiwapo. Anakwenda nyuma ya makochi, nasi tunagundua kwa harufu.

La pili ni chakula. Anakula ugali laini wenye mchuzi wa dagaa tunaokula sisi, na asubuhi tunampa maziwa. Akifanya vizuri tunampa kipande cha soseji au biskuti. Jumapili iliyopita mwanangu wa miaka 7 alimpa chokoleti, kiasi cha ncha ya kidole. Usiku ule alitapika mara mbili, kisha akatulia. Kinyesi chake kimekuwa laini kwa siku 10 hivi. Mjomba wao amewaletea watoto zabibu kutoka Dodoma, nao wanataka kumgawia. Nimewazuia kwanza mpaka nipate jibu la mtu anayejua.

La mwisho linanisumbua moyoni. Jirani yetu ni bibi mmoja Mwislamu, mtu mwema sana aliyenisaidia nilipojifungua. Juzi Popi alilamba ndoo yake ya maji na kupita chini ya nguo zake za kuswalia zilizokuwa zimeanikwa. Bibi alinisemesha kwa upole tu, lakini niliona kwamba hakufurahi. Sitaki kumpoteza jirani kwa sababu ya mbwa, na sitaki kumrudisha Popi Kibaha, maana watoto wamekwisha kumpenda.

Mfugaji wa Arusha

Pole sana dada, na hongera kwa kuuliza mapema. Nimefuga mbwa huku Arusha kwa miaka 19, wa kienyeji na wa kigeni, na kwa haya uliyoyaeleza naona kwamba Popi si mkaidi hata kidogo. Anafanya kile hasa alichofunzwa kabla hajafika kwako. Soma tena maneno yako mwenyewe kuhusu magunia. Mtoto wa mbwa huchagua mahali pa kujisaidia kwa jinsi panavyohisi chini ya nyayo zake, na kufikia wiki ya nane au ya tisa mazoea hayo yanakuwa yamekwisha kukaa. Yeye alizoea kitu cha kufumwa, kinachonyonya maji, na katika nyumba yako yenye vigae vitupu amekuta kitu kimoja tu kinachofanana na gunia, nacho ni mkeka wako.

Kwa hiyo anza na mkeka. Ukunje, uuweke juu ya kabati kwa miezi miwili. Kisha tafuta gunia kuukuu, ulitandike nje kwenye kona moja ya ua, na chini yake uweke tambara ulilofutia mkojo wake. Harufu ile itamwambia kwamba hapa ndipo. Akilizoea, kila baada ya siku tatu au nne kata kipande cha gunia, hata libaki la ukubwa wa sahani, kisha uliondoe kabisa abakie na udongo. Nimeifanya njia hii kwa mbwa wanne waliotoka kwenye mabanda ya namna hiyo, na wote walihama polepole bila vita.

Sasa niseme kuhusu zile dakika 20. Kuna mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza, ua kwake ni soko la mambo mapya; kuku, ndoo, majani na harufu za watu humfanya asahau kabisa kwamba kibofu kimejaa, na akirudi ndani penye utulivu ndipo anakumbuka. La pili ndilo linaloniuma zaidi: kwa kusuguliwa pua na kupigwa, hakujifunza kwamba ndani si mahali pa kukojoa. Akili ya mtoto wa mbwa huunganisha adhabu na kitu kilichopo sekunde ile ile, na kilichokuwapo kila mara ni mtu aliyesimama karibu yake. Amejifunza kwamba kukojoa mbele ya mtu ni hatari. Ndiyo maana anakwenda nyuma ya makochi, na ndiyo maana hata uani, ukiwa umesimama naye, anabana. Mweleze dada huyo kwa heshima, bila kumlaumu, kwa sababu alifanya alichokiona kwao, na bila yeye mafunzo haya hayatafanikiwa. Ndiye anayeshinda na Popi mchana kutwa.

Utaratibu ninaoufuata ni huu. Namfunga kamba nyepesi ya mita 2, namchukua mikononi hadi kwenye kona yake ili asije akakojoa njiani, namshusha, kisha nasimama bila kumsemesha wala kumchezea. Kamba inamnyima kuku na ndoo. Nampa dakika 5. Akikojoa, natamka neno moja tulivu ambalo nyumba nzima inalitumia, kwa mfano "vizuri", na mara anapoinuka nampa kitafunwa pale pale aliposimama. Si mlangoni, wala si jikoni. Ukichelewa hata sekunde tano, utakuwa umemlipa kwa kukimbia kurudi ndani. Baada ya hapo namfungulia kamba acheze. Watu wengi humrudisha ndani mara tu amalizapo, naye hujifunza kwamba kukojoa ndiko kunakokatiza raha, basi anachelewesha makusudi.

Asipokojoa, mrudishe ndani lakini usimwachie. Mfungie kamba kiunoni mwako huku ukiendelea na kazi, au mweke kwenye kizimba kwa dakika 10, kisha umtoe tena. Kizimba kiwe cha kumtosha kusimama, kugeuka na kulala tu. Kikiwa kikubwa kama chumba, atalala upande mmoja na kujisaidia upande wa pili. Kuhusu saa, hesabu ya wafugaji ni saa moja ya kubana kwa kila mwezi wa umri, kwa hiyo Popi hawezi kupita saa mbili na nusu mchana hata akitaka. Atolewe kila anapoamka, kila anapomaliza kucheza, na kati ya dakika 15 na 30 baada ya kula. Usiku mwamkie mara moja, mnamo saa 8, umtoe kimya kimya bila taa nyingi, umrudishe kulala. Maji usimnyime, joto la Dar es Salaam si la kumfungia mnyama maji.

Masika nayo yana dawa. Simika miti minne, weka bati moja juu ya lile gunia. Gharama yake si kubwa, na mtoto wa mbwa anayekojoa pakavu wiki ya kwanza atakubali mvua ya rasharasha wiki ya tatu.

Penye mkojo ndani, kwanza unyonye kwa tambara kavu bila kusugua, kisha pangusa kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji kwa vipimo sawa. Epuka sabuni za sakafuni zenye amonia, kwa sababu kwa pua ya mbwa zinanukia kama mkojo na zinamwita arudi. Usimwage klorini juu ya mkojo mbichi, maana mchanganyiko huo hutoa moshi unaokaba kifua cha mtu na cha mbwa.

Mkazi wa Mbagala

Nawaheshimu waliotangulia, lakini mimi naona tunawalea mbwa kama mayai. Marehemu baba alifuga mbwa watano kwa fimbo moja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuchafua nyumba yetu. Mbwa asiyeogopa hasikii. Kandambili mbili si mateso.

Mfugaji wa Arusha

Ndugu yangu, mbwa wa marehemu baba walilala nje, na hata wa babu yangu vivyo hivyo. Hawakuhitaji kujua tofauti ya ndani na nje, kwa sababu ndani hawakuingia. Popi analala sebuleni na watoto. Zaidi ya hapo, mbwa anayeogopa mkono wa mtu ndiye anayekuja kumng'ata mtoto wa jirani anayenyoosha mkono kumshika, na nyumba hii ina mtoto wa miaka 7 na ua wa familia tatu. Nisingependa wafike huko.

Daktari wa mifugo, Morogoro

Nimeusoma mjadala huu kwa makini, na kuhusu mafunzo sina la kuongeza isipokuwa moja: kama Popi anakojoa kidogo kidogo mara nyingi ndani ya saa moja, anajikamua, anajilamba sana sehemu za siri, au mkojo una rangi ya damu, huo ni ugonjwa wa njia ya mkojo, ambao huwapata zaidi majike, na mafunzo ya aina yoyote hayatamsaidia mpaka atibiwe. Peleka mkojo upimwe.

Kinyesi laini cha siku 10 hakipaswi kusubiri. Mpeleke kwa daktari wiki hii, ukiwa na kinyesi cha asubuhi hiyo ndani ya kichupa kisafi, kitazamwe kwa hadubini. Minyoo ya duara hupita kutoka kwa mama kwenda kwa watoto wangali tumboni na kupitia maziwa, kwa hiyo mtoto wa mbwa anayezaliwa na mama asiyepewa dawa mara nyingi huzaliwa nayo. Dawa ya minyoo hutolewa kuanzia wiki ya pili, ikarudiwa kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya 12, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Muulize mfugaji wa Kibaha alimpa mara ngapi na lini. Jambo hili linahusu watoto wako pia. Mayai ya minyoo hiyo yakimezwa na mtoto, viluwiluwi vyake vinaweza kusafiri mwilini hadi kwenye ini au jicho. Hata hivyo mayai hayawi hatari siku ile yanapotoka. Yanahitaji kukaa kwenye udongo kwa wiki mbili au zaidi kwanza. Ndiyo maana anayeokota kinyesi kila siku na kukizika mbali au kukitupa chooni anakuwa ameikata njia yote. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Kuharisha kukiwa na damu, kutapika na kukataa chakula kwa pamoja, nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Hizo ni dalili za pavo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, na katika umri huu unaweza kuua ndani ya siku chache. Chanjo yake huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, ikarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16. Virusi vyake hudumu kwenye udongo kwa miezi mingi, kwa hiyo mpaka chanjo zikamilike, Popi ajisaidie katika kona yenu tu, wala asipelekwe mtaani wanakopita mbwa koko. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa afikishapo miezi 3, yaani wiki chache tu kutoka sasa. Tafadhali usiikose.

Sasa vitafunwa. Soseji ina chumvi na mafuta mengi, na nyingi zimetiwa unga wa vitunguu. Biskuti ni sukari. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha watoto wengi wa mbwa, na huenda ndiyo sehemu ya tatizo lako, kwa hiyo yaache kabisa kwa sasa. Mchuzi wa dagaa mnaokula ninyi una vitunguu maji, na pengine vitunguu saumu. Vyote viwili, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mpikieni dagaa wake pembeni, kabla ya kuweka viungo.

Chokoleti ina kemikali iitwayo theobromini, ambayo mwili wa mbwa huitoa polepole mno. Kadiri chokoleti ilivyo nyeusi na chungu ndivyo ilivyo na sumu zaidi; huleta kutapika, kuhangaika, moyo kwenda mbio na degedege. Kiasi cha ncha ya kidole hakikumuua, tumshukuru Mungu, lakini siku nyingine mpigie daktari simu saa hiyo hiyo, umwambie uzito wa mbwa, aina ya chokoleti na kiasi alichokula. Msimnyweshe maji ya chumvi ili atapike, kama ambavyo nimeona watu wakifanya, kwa kuwa chumvi nyingi nayo ni sumu kwake.

Zabibu za mjomba zisimguse, mbichi wala zilizokaushwa. Figo zinaweza kufa ndani ya siku chache, na hakuna anayeweza kukwambia kwamba tatu ni salama na nne ni hatari, kwani mbwa hutofautiana sana. Mwaka 2021 wataalamu wa sumu za wanyama nchini Marekani walieleza kwamba asidi ya tataria ndiyo inayoelekea kuwa chanzo, na kilichowafungua macho ni mbwa walioharibika figo baada ya kula vitu vingine vyenye asidi hiyo, mmojawapo ukiwa ukwaju. Kwetu sisi, ambao ukwaju uko kwenye juisi, kwenye mchuzi na kwenye pakiti za watoto, hilo ni onyo la kuwekwa jikoni kabisa. Ongezeni hapo bazoka zisizo na sukari na siagi ya karanga iliyotiwa zailitoli, yaani kitu kitamu kinachowekwa badala ya sukari, ambayo hushusha sukari ya damu ya mbwa ndani ya nusu saa, majani ya chai na kahawa, pombe, na karanga za makadamia, kwa wale walioko maeneo zinakolimwa. Gunzi la hindi, kokwa ya embe na mbegu ya parachichi si sumu kubwa, lakini huziba utumbo, na nimewahi kushuhudia upasuaji wa kutoa gunzi kwenye tumbo la mbwa wa kilo 9. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama sindano. Utumbo na maini mabichi ya machinjioni yana hatari ya kumpa mbwa minyoo ya tegu, ambayo mayai yake huwaletea watu malengelenge makubwa ya maji kwenye ini na mapafu, ugonjwa unaofahamika sana katika jamii za wafugaji kama Turkana na Umasaini.

Kuna moja ambalo watu hulidharau, nalo ni unga. Mahindi au karanga zilizoota ukungu huwa na sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na ini la mbwa ni dhaifu zaidi mbele ya sumu hiyo kuliko letu. Unga uliovunda, ambao mtu anaona si wa kuliwa na watu, usiwe wa mbwa.

Baada ya kukataza mengi, niseme yaliyo mema. Kifua cha kuku kilichochemshwa bila chumvi wala kitunguu. Yai la kuchemsha. Karoti, boga na kiazi kitamu kilichopikwa. Tikiti lisilo na mbegu, papai lisilo na mbegu, ndizi mbivu kidogo. Maini ya kuchemsha hupendwa kuliko vyote, ila yasizidi mara mbili au tatu kwa wiki kwa sababu ya wingi wa vitamini A. Dagaa wa Ziwa Victoria wanafaa sana, kwa vile hukaushwa juani bila chumvi. Waoshe mara kadhaa kutoa mchanga, uwakaange bila mafuta mpaka wawe wakavu, umpe mmoja mmoja. Wale wa Zanzibar huchemshwa katika maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, hivyo hao ni wenu, si wake. Kila kitafunwa kiwe cha ukubwa wa punje ya hindi, maana mbwa anahesabu mara, hapimi uzito, na vyote kwa siku visipite sehemu moja ya kumi ya chakula chake. Kwa siku tatu za mwanzo, mpaka tumbo litulie, mpe kuku na boga tu.

Tena nakuomba usimpe Panadol wala dawa ya maumivu ya binadamu, hata akilia usiku kucha.

Mstaafu wa Tanga

Mwanangu, nimesoma mpaka mwisho nikaona lile la jirani limepitwa, na kwangu ndilo zito. Mimi ni Mwislamu na nimefuga mbwa wa ulinzi shambani kwa miaka mingi, kwa hiyo nazungumza kutoka pande zote mbili.

Wengi wetu huku pwani tunafuata madhehebu ya Shafii, na katika fikihi yake mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Bibi huyo hachukii mbwa wako. Ana sala tano kwa siku, na kila mara anapaswa kuwa na hakika ya maji yake na nguo zake. Kufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi, uwindaji au mifugo kumeruhusiwa, kwa hiyo huna kosa kwake kwa kuwa na Popi. Kupita chini ya nguo bila kuzigusa hakuna neno, na hata mbwa mkavu akigusa nguo kavu, najisi haihami. Ni maji na mate ndiyo yanayohamisha.

Fanya hivi. Mnunulie ndoo mpya, umpelekee kwa mikono yako miwili, na umwombe radhi bila maelezo marefu. Kona ya Popi iwe mbali kabisa na kamba ya nguo na bomba, upande ambao maji ya mvua hayateremki kuelekea kwake. Weka wavu wa kuku kuzunguka kona hiyo, hata wa urefu wa kiuno. Na asubuhi, kabla hajatoka kuchota maji ya udhu, kinyesi kiwe kimeokotwa. Atakuona unavyojali, na hapo mengi yatakwisha yenyewe.

Mpangaji wa Kimara

Shikamoo mzee wa Tanga, na ahsanteni nyote. Leo ni siku ya 18 tangu niandike, nami niliona si vyema kuchukua ushauri wa watu bila kurudi kusema uliishia wapi.

Kinyesi kilipimwa, wakakuta minyoo ya duara. Mfugaji wa Kibaha alikiri kwamba alitoa dawa mara moja tu. Popi amepewa dozi mbili, maziwa na soseji tumeacha, na tumbo limetulia kuanzia siku ya tano. Chanjo ya pavo amerudia, na ya kichaa tumepangiwa wiki ijayo.

Mkeka uko juu ya kabati. Gunia lilifanya kazi kwa namna iliyonishangaza. Mara ya kwanza kuliona alilinusa pembe zote nne, akazunguka mara mbili, akachuchumaa. Nilikuwa na kipande cha kuku kwenye kiganja, na mkono ulikuwa unatetemeka kwa kuogopa kuchelewa. Siku hiyo alikojoa ndani mara tano bado. Juzi mara moja, jana hakukojoa ndani kabisa. Dada wa kazi nilikaa naye chini, nikamsomea maneno ya mfugaji wa Arusha neno kwa neno. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba hakujua, na tangu siku hiyo yeye ndiye anayeshika kikopo cha vitafunwa. Dagaa wa Mwanza wanakaangwa kila Jumamosi, na hakuna anayeruhusiwa kuwagusa. Popi bado huinamisha masikio dada anapovua kandambili mlangoni. Hilo linamuumiza dada, naye sasa huziacha nje kwenye ngazi.

Bibi alipokea ndoo, akacheka, akaniambia nisingejisumbua. Wavu umewekwa. Jana mvua ilipokatika nilimsikia akimwita Popi kwa jina kutoka barazani kwake, ingawa kwa mbali.

Nina swali moja lililobaki. Je, nitampa kitafunwa kila anapokojoa mpaka lini?

Daktari wa mifugo, Morogoro

Nimefurahi sana kusoma haya. Endelea kila mara mpaka apitishe wiki mbili mfululizo bila kukosea ndani, kisha mpe mara moja na kuruka moja, kisha moja kati ya tatu, ila lile neno "vizuri" lisikosekane hata siku moja. Ukimpunguzia ghafla atarudi nyuma. Na akirudi nyuma kwa siku mbili tatu afikapo miezi 6 hivi, usishtuke, rudisha kamba na kikopo kama mwanzo. Masikio yale yatainuka, mpe dada muda. Amlishe chakula cha jioni kwa mkono, akiwa amekaa chini sakafuni, na asimfuate Popi, amwache Popi ndiye amsogelee.